Kunakili Duke wa Alba wa Goya: anza na kiwiko, uso utasubiri

Anayeanza kunakili picha za makabaila wa Kihispania hukimbilia uso. Kichwa kinatoka vizuri, mwili unaning'inia kama koti msumarini. Duke wa Alba, aliyechorwa kwa rangi za mafuta na Goya, mchoraji wa Kihispania, mwaka 1795 na sasa yuko Museo del Prado, Madrid, atakutibu ugonjwa huo. Ameegemea piano kwa kiwiko, miguu ameipishanisha, amevaa buti za kupandia farasi, na ameshika daftari la nyimbo za mtunzi Haydn. Kiwiko kikikosewa, kila kitu kimekosewa.

Picha halisi ina sentimita 195 kwa 126. Kabla ya kununua chapa, yaani nakala iliyochapishwa ya picha hiyo, gawanya urefu wake kwa upana: usipopata karibu 1.55, imekatwa ukingo. Turubai (kitambaa cha kuchorea) ya nusu ya ukubwa huo ni 97.5 kwa 63. Gawanya kila upande mara 10, kwenye chapa na kwenye turubai, upige mistari ya kukatana. Vyumba vyako kwenye turubai vitakuwa 9.75 kwa 6.3, si miraba, na haidhuru.

Weka kwanza alama za kiwiko, kidevu na mguu uliobeba uzito. Shusha timazi, yaani uzi wenye kijiwe, kutoka kidevuni kwenye chapa, uone unagusa wapi chini. Kwenye turubai uguse hapohapo. Ukipotoka sentimita 1 tu, Duke ataonekana anaanguka, au piano itaonekana imewekwa kama pambo.

Usichore juu ya weupe mtupu. Kando ya weupe kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo, kwa hiyo utaogopa na koti litatoka limefifia. Pitisha rangi ya udongo mwekundu iliyolainishwa kwa tapentaini, uiache ikauke isishike kidole.

Maeneo ya giza ndiyo yanayoharibu kazi nyingi. Nyeusi ya mfupa, rangi itokanayo na mifupa iliyochomwa, hukauka polepole. Ukiiweka nene yenye mafuta mengi, kisha ukapaka juu yake rangi inayokauka haraka, itapasuka. Changanya sehemu 2 za nyeusi na 1 ya kahawia ya umba, rangi ya udongo ambayo hukausha haraka, na upake nyembamba. Mafuta ya kitani yaongezeke katika tabaka za juu, kamwe si kinyume chake. Nyeupe ya titani ina ubaridi, basi kwa kitambaa cha shingoni iongezee tone la manjano ya udongo. Nyeupe ya zinki iepuke tabaka za chini. Huwa kavu na dhaifu.

Sasa uso. Usiusugue kwa brashi laini mpaka ung'ae kama sahani. Duke alifariki 1796, na wanaolijua hilo humpaka mauti mashavuni. Mtu unayemchora amekatizwa tu akisoma muziki. Noti za daftarini nazo usizihesabu: tia mistari michache, halafu rudi nyuma hatua 4 utazame kama karatasi inakunjika.