Kupumzika na watoto Mwanza: tafuta kivuli kabla ya maji

Watu wanaohamia Mwanza, na hata wenyeji ambao watoto wao ndio kwanza wameanza kukimbia, huniuliza mara kwa mara ni wapi pa kwenda Jumapili mchana. Wengi huuliza wakiwa na jibu lao tayari, nalo ni ufukweni. Mimi nimelea watoto katika jiji hili, na ushauri wangu ni kwamba mahali pa mapumziko panapofaa familia hupimwa kwa kivuli, choo na nafasi ya kuchezea. Ziwa Victoria liwe la kutazama.

Sababu ya kwanza ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi katika maji ya pembezoni, hasa yenye majani na matete, kisha hupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi chochote. Hutoka kwa wingi wakati wa jua la mchana, yaani saa zile zile ambazo watoto wanataka kuoga. Kujifuta kwa taulo ukitoka majini si kinga ya kutegemewa. Mtoto aliyezoea kuchezea maji ya ziwa apelekwe kupimwa kituo cha afya, hata kama haonyeshi dalili, kwa kuwa dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Asipotibiwa, ugonjwa huo unaweza kuharibu ini polepole. Zaidi ya hayo, usiweke mkeka karibu na mahali Mto Mirongo unapoingia ziwani, kwani mto huo hupita katikati ya jiji na kubeba kila kinachotupwa ndani yake.

Kwa matembezi mafupi, Jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga linatosha. Nenda baada ya saa kumi jioni, upepo wa ziwani unapokuwa umeshika kasi na jua limeanza kuelekea magharibi. Mchana usithubutu, kwa sababu mawe ya Mwanza hunyonya joto kiasi kwamba mtoto mwenye kaptula hawezi kuyakalia. Wanunulie watoto karanga au mahindi ya kuchoma, lakini waangalie wale korongo wakubwa wenye vichwa vya upara, ambao hawaoni haya kumsogelea mtu mwenye chakula mkononi.

Mkiwa na siku nzima, vukeni kwenda Saanane. Kisiwa hicho kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, kikachukua jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Boti huchukua dakika chache tu kutoka upande wa Capri Point. Nakipenda kwa sababu mtoto hahitaji kusubiri ili aone kitu: pimbi hujianika juu ya majabali, na mijusi dume, wenye vichwa vyekundu na viwiliwili vya buluu, hutikisa vichwa juu na chini kama wanaokubaliana na kila unalosema. Vaeni viatu vinavyoshika vizuri, maana njia hupanda na kushuka kati ya mawe, na msikae ukingoni mwa maji, kwa kuwa mamba nao wapo.

Fukwe zenye baa na muziki sina ugomvi nazo, ila ukifika ulizia kwanza choo na kiingilio, kisha usikilize spika zao kabla hujatandika mkeka. Kinachonikera ni uzio unaoshuka hadi majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto, na mwananchi ana haki ya kuuliza katika ofisi ya mtaa au kata uzio fulani umefikaje pale.

Ofisi hiyo hiyo ndiyo ya kuanzia ikiwa mtaa wenu una eneo la wazi ambalo bado halijavamiwa. Ombeni kuona mchoro wa mipango miji, mhakikishe kwamba eneo limetengwa kwa ajili ya umma, kisha mpande miti kabla ya kufikiria bembea, kwa sababu bembea iliyo juani haina mtoto hadi jioni. Mijohoro na miarobaini hustahimili hali ya hapa. Pandeni vuli inapoanza, mzungushie kila mche miiba ili mbuzi wasiufikie, na mgawane kaya kwa kaya zamu za kumwagilia kuanzia Juni hadi Septemba, maana hiyo ndiyo miezi ambayo miche mingi hukauka.