Joto la Chumba la Nani? Biskuti za Siagi na Chokoleti kwenye Jiko la Pwani

Karibu maelekezo yote ya biskuti za siagi yanaanza na jambo moja: iache siagi ilainike kwa joto la chumba. Kwa miaka miwili nilitii agizo hilo hapa Tanga, na kwa miaka hiyo miwili biskuti zangu zilitoka tanurini zimesambaa, zimeshikana, pembeni zimekauka kama karatasi na katikati zina mafuta. Nilibadili unga. Nikaongeza yai, nikaliondoa. Mara moja, siku mbili kabla ya Idi, nikiwa nimeshaahidi majirani mikebe mitatu, nilitoa sinia zima likiwa bamba moja la chokoleti. Nikaketi jikoni nikalia, maana siagi ile niliinunua kwa kudunduliza.

Baadaye, mchana mmoja wa Januari, niliweka kipimajoto mezani kando ya siagi. Saa nane kilisoma nyuzi 31. Mwandishi wa maelekezo yale yuko kwenye nchi ya baridi, na chumba chake kina nyuzi 18 au 20. Siagi inapofika kati ya nyuzi 32 na 35 inakuwa maji. Kwa hiyo joto la chumba chake linailainisha siagi, joto la chumba changu linakaribia kuiyeyusha, na hapo ndipo tabu yangu yote ilipokuwa imejificha.

Kilichonishangaza ni kwamba jibu lilikuwa nyumbani kwetu siku zote. Shangazi yangu anapika vileja vya unga wa mchele, samli, sukari na hiliki, na hakuna aliyewahi kuona kileja chake kimesambaa. Tangu utoto nilimwona akiamka kwa sala ya alfajiri na akiinuka kwenye mswala anaingia jikoni moja kwa moja, kabla jua halijapanda. Nilidhani ni desturi tu ya watu wazima. Nilipomweleza habari ya siagi yangu aliniambia, "Mwanangu, samli ikikuteleza vidoleni kama maji, iache. Nenda kasali, fanya kazi zako nyingine, rudi ikishashikana." Miezi ya kipupwe, Juni na Julai, samli yake inaganda yenyewe kwenye chupa na kazi inakwenda haraka. Wakati wa kaskazi, miezi ya joto, anaiweka bakuli ndani ya bakuli la maji baridi. Yeye hana kipimajoto. Ana vidole vyake na saa ya kuamkia.

Sasa nieleze kwa nini siagi inayeyuka na kuharibu kazi. Siagi nzuri ina mafuta kama asilimia 80, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Ikiwa imeshikana, maji hayo yametawanyika ndani ya mafuta kwa vitone vidogo sana na hayagusi unga. Ikiyeyuka, maji yanaachana na mafuta. Yakikutana na unga wa ngano na mkono wako ukaendelea kukanda, yanaamsha glutini, ule mvuto tunaoutaka kwenye chapati na maandazi lakini tusioutaka kabisa kwenye biskuti. Mafuta nayo, yakiwa tayari majimaji, yanakimbia mara tu yanapoona moto, kabla unga haujapata muda wa kushika umbo. Unapata vyote viwili pamoja: biskuti iliyosambaa na ngumu. Na usidhani ukiirudisha friji siagi iliyoyeyuka itakuwa kama mwanzo. Inaganda, ndiyo, lakini haishiki hewa wala sukari kama ilivyokuwa.

Basi mimi naitoa siagi kwenye friji, naikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, naisubiri dakika 10 tu wakati wa kaskazi, dakika 20 wakati wa kipupwe. Kipimo changu ni kidole: nikibonyeza, kiache alama bila kuzama. Siagi ikianza kung'aa juu, imeshapita, inarudi friji. Kazi yenyewe naifanya asubuhi na mapema au usiku baada ya isha. Mchana sigusi.

Kuhusu kununua siagi kuna jambo linalowapoteza wengi. Kwetu kila kitu cha njano cha kupaka mkate tunakiita siagi, kumbe vingi kati ya hivyo ni majarini, yaani mafuta ya mimea, na baadhi yake vina maji mengi sana kwa sababu vimetengenezwa viwe laini kwa kisu. Kwa mkate havina neno. Kwa biskuti hizi havifai. Geuza pakiti usome: kama kilichotajwa ni krimu ya maziwa ya ng'ombe, hiyo ndiyo siagi, kama ni mafuta ya mawese au ya alizeti, iache. Ni ghali, najua. Lakini ndani ya biskuti hii siagi ndiyo ladha yenyewe, na ni afadhali upike mara moja kwa mwezi kwa siagi ya kweli kuliko kila Jumamosi kwa kitu kinachobaki kama nta kwenye kaakaa.

Sukari ya kawaida ya madukani ina chembe kubwa ambazo haziyeyuki kwenye donge lisilo na maji. Isage kidogo kwenye blenda, sekunde chache tu, isifike kuwa vumbi.

Kakao ndiyo ninayoipenda kuizungumzia zaidi. Kwanza, usichanganye unga wa kakao na unga wa kunywa wa chokoleti. Ule wa kunywa una sukari nyingi na kakao kidogo. Ukiutumia, biskuti inakuwa tamu kupita kiasi, rangi inapauka, na inaungua upesi. Tafuta pakiti ambayo imeandikwa kakao peke yake. Ya asili ina rangi ya udongo mwekundu na uchachu kwa mbali. Iliyotiwa alikali, yaani kitu cha kupunguza uchachu huo, kwa njia waliyoianza Waholanzi karne ya 19, ni nyeusi zaidi na ladha yake imetulia. Kwa kuwa biskuti hizi hazina baking powder wala magadi, aina yoyote itakubali. Mimi nachagua ya asili, maana uchachu wake unapambana vizuri na utajiri wa siagi. Inanipa faraja pia kujua kwamba mmea wenyewe unastawi hapa kwetu, Kyela kule karibu na Ziwa Nyasa, ambako wakulima wanazivundika punje kwa siku kadhaa kisha wanazianika juani. Ladha ya chokoleti inaanzia kwenye kule kuvundikwa. Punje mbichi iliyotoka ndani ya tunda haina harufu ya chokoleti hata kidogo. Nyingi ya kakao hiyo inasafirishwa nje ikiwa punje kavu, na sisi tunanunua unga uliokwisha kuzunguka dunia.

Pili, kakao inanyonya unyevu kuliko unga wa ngano. Ukiiongeza tu juu ya kipimo cha kawaida, donge linakuwa kavu na kupasuka. Lazima upunguze unga wa ngano.

Tatu, na hili nilikawia sana kulijua, ladha ya kakao inafunguka ndani ya mafuta ya moto. Kwa hiyo kuna kipande kimoja cha siagi ambacho nakiyeyusha kwa makusudi. Natenga gramu 40, naziyeyusha kwa moto mdogo, naepua, natia kakao yote na kukoroga mpaka iwe uji mzito unaong'aa. Kisha naupooza kabisa. Usiwe na haraka hapa: uji ukiwa hata vuguvugu utaiyeyusha siagi nyingine yote na tutarudi kule kule kwenye bamba la Idi. Mimi naupika usiku, naulaza kwenye friji, na asubuhi nautoa pamoja na siagi nyingine.

Vipimo vyangu ni hivi: siagi gramu 200 kwa jumla, zikiwemo zile 40, sukari gramu 100, unga wa ngano gramu 250, kakao gramu 40, chokoleti nyeusi gramu 80 iliyokatwakatwa kwa kisu, vanila kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, ila kama siagi yako ina chumvi basi chembe mbili tatu zinatosha. Natia pia hiliki punje nne zilizotwangwa, kwa heshima ya shangazi, na naapa hiliki na kakao ni ndugu. Hakuna yai. Hakuna maziwa. Kama huna mizani ya jikoni, inunue kabla ya kununua kikataji chochote cha maua na nyota. Kikombe kimoja cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa vinapishana sana, na biskuti hii haisamehi.

Piga siagi na sukari kwa mwiko dakika mbili tu, zishikane na kuwa laini. Si keki hii, hatutafuti hewa nyingi. Ukiipiga sana, biskuti itaumuka motoni kisha ianguke na kusambaa. Tia uji wa kakao, vanila na hiliki, changanya. Chekecha unga na chumvi juu yake, halafu tumia ncha za vidole au mwiko kukusanya mpaka unga mkavu usionekane. Kiganja kina joto la kutosha kuyeyusha siagi, kwa hiyo usikande. Donge litaonekana kama limemeguka; libane tu, litashikana. Mwisho tia vipande vya chokoleti. Chagua chokoleti iliyotengenezwa kwa siagi ya kakao, yaani mafuta ya kakao yenyewe, si ile ya mafuta ya mawese ambayo haiyeyuki mdomoni.

Kusukuma kwa kifimbo na kukata maumbo nimeacha. Kwenye jiko la nyuzi 31 unapata kukata biskuti sita, nyingine zimeshalegea. Mimi naviringisha donge kuwa magogo mawili, kila moja unene wa sentimita 4 na urefu kama wa shubiri, nayafunga kwa nailoni na kuyaweka friji kwa muda wa saa mbili. Gogo likigandamana nalikata kwa kisu kikali vipande vya unene wa sentimita moja, nageuza gogo kidogo kila baada ya kukata ili lisibonyee upande mmoja. Unapata biskuti 40 na kitu. Nazipanga kwenye sinia na kuzirudisha friji robo saa wakati tanuri linapata moto. Kama umeme umekatika, na sisi tunajua umeme, tia barafu kwenye beseni, funika kwa sinia la bati, weka biskuti juu.

Tanuri liwe nyuzi 165. Zioke dakika 15 hadi 17. Wengi wanauliza utajuaje zimeiva wakati rangi ni ile ile nyeusi tangu mwanzo. Ni swali la haki, maana biskuti nyeupe hukuonyesha kwa kingo za dhahabu na hii haikuonyeshi kitu. Tumia pua. Kama dakika ya 12 harufu ya chokoleti inajaa nyumba, tamu na nzito. Hapo anza kukaa karibu. Harufu ikiwa kali, kama kahawa iliyokaangwa kupita kiasi, umechelewa. Kisha gusa ukingo: uwe mkavu na mgumu, katikati pakubali kidole kidogo. Usisubiri pawe pagumu pote. Ziache kwenye sinia lake dakika 10 bila kuzishika, zinakaza zenyewe zinapopoa. Ukizinyanyua moto zitavunjikia mkononi.

Huna tanuri? Makaa yanafanya kazi hii, na vileja vya shangazi vimepikwa hivyo maisha yake yote. Chukua sufuria zito, weka mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, juu yake kigae au kibati cha kuinua sinia, funika, na palia moto juu ya kifuniko. Makaa ya juu yazidi ya chini, kwa sababu mchanga unaendelea kutoa joto hata moto wa chini ukififia. Ipe dakika 20 ipate moto, kisha nyunyiza unga kidogo kwenye kibati: ukigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika 5, moto ni sawa. Ukigeuka kabla ya dakika 2, punguza makaa ya chini. Oka biskuti chache kwa mara, nyingine zibaki friji.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na biskuti iliyoachwa mezani usiku mmoja asubuhi imelegea. Zikipoa kabisa, na nasisitiza kabisa, maana joto lililobaki ndani linageuka jasho, zitie kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana. Zinakaa wiki mbili. Zikilegea, zirudishe tanurini kwa nyuzi 150 dakika 5, zitakuwa kama zimetoka leo.

Mimi siku hizi naoka gogo moja tu. La pili nalifunga nailoni mara mbili na kuliweka kwenye friza, linakaa hadi mwezi. Mgeni akibisha hodi nakata vipande likiwa bado limeganda, naongeza dakika 2 kwenye muda wa kuoka, na chai inapochemka na biskuti ziko tayari.