Kwa nini nilipie kasoro ambayo sikuiweka mimi?

SWALI: Kaka, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nyumbani nina kompyuta ya mtumba yenye Windows 10. Naandalia mitihani, natunza alama za wanafunzi, na huko huko naangalia hati yangu ya mshahara. Sasa inaniletea ujumbe kwamba muda wake wa huduma umekwisha. Fundi anasema haipokei Windows 11, kwa hiyo nilipe dola 30 iendelee kulindwa. Ananipiga? Na kama ni kweli, kwa nini nilipie kasoro ambayo sikuiweka mimi?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, bei aliyokutajia ni ya kweli, ila hakukumalizia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta za nyumbani, masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026 unaweza kuyalipia hizo dola 30, au ukayapata bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe huko. Toleo lako la Windows 10 liwe 22H2. Fungua Mipangilio, ingia Windows Update, utaona pa kujiandikishia. Usitoe hata senti.

Swali lako la pili ndilo linaloniuma. Kuuziwa kitu kipya ni halali, na wahandisi nao wanakula. Lakini tundu la usalama, yaani kasoro ya programu inayopitisha virusi, limetoka kiwandani, mnunuzi hakulitoboa. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi nyingi, na Uingereza hospitali zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7 ambazo wenyewe hawakuzisasisha, hilo nalikubali. Ila kwa Windows XP, iliyokwisha kuachwa tangu 2014, kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, kilikuwapo tayari kwa waliolipia huduma maalumu. Wengine walikipata virusi vilipokwisha kusambaa. Dawa ipo kabatini, mgonjwa yuko mlangoni, anaulizwa risiti! Na virusi havibagui: mashine ya asiyelipa ikiambukizwa, huweza kutumiwa kushambulia hata ya aliyelipa.

Kelele husaidia. Mwaka 2012 kampuni ya Adobe iliwaambia wenye Photoshop CS5, programu yake ya kuhariri picha, wanunue toleo jipya la CS6 ili wapone matundu. Watu walipokuja juu, ikaahidi kuyaziba bure. Mwaka 2025, watetezi wa walaji Ulaya waliibana Microsoft, na wateja wa huko wakaondolewa hata lile sharti la kuhifadhi mipangilio. Sisi huku bado tunalo, na sioni sababu ya haki ya kutofautishwa.

Muda wa masasisho hayo ya Windows 10 ukiisha, mwambie fundi akuwekee Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, masasisho yake ni ya bure, na kwa kuandika mitihani itakutosha. Ila kabla hajagusa chochote, nakili mitihani na alama zote kwenye diski ya nje, uifungue mwenyewe kwenye kompyuta nyingine uone kama zimo.