Muulize Kocha: Dogo fundi lakini mwili hana

*Shikamoo kocha. Kijana wangu ana miaka 12, mtaani wanamuita fundi, mpira ukimkaa mguuni huupati. Ila ana kaumbo kadogo, kwenye akademi kila wikiendi benchi, mwalimu wake anasema anasukumwa sana. Nimpeleke gym? – Baba wa Morogoro*

Marahaba ndugu yangu. Gym acha kwanza. Mtoto ambaye hajabalehe hata ashinde na vyuma mwezi mzima hatoki na kifua, homoni za kujaza misuli bado hazijaamka, nguvu kidogo atapata sawa lakini pushapu, kuruka kamba na kupanda miembe zinamtosha na ni bure.

Kinachombeba huyo anayemsukuma ni kalenda tu. Timu za watoto zinapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo wa Januari na wa Desemba wanawekwa kapu moja wakati mmoja kamzidi mwenzie karibu mwaka mzima, halafu juu yake weka kubalehe, wavulana wengi wanarefuka kwa kasi kwenye 13 au 14 hivi lakini yupo anayewahi, ana 12 tu na sauti ishakuwa nzito, na yupo anayesubiri mpaka 15. Na hapo sijagusa waliopunguziwa umri, maana wapo na tunawajua, FIFA wenyewe 2009 ilibidi waanze kuwapiga picha za MRI kwenye kifundo cha mkono, kukagua umri, vijana wa Kombe la Dunia la U-17. Sasa beki wa U-13 akimtoa mwanao nje kwa bega wewe usiseme umeona kipaji, umeona mtu aliyewahi kukua, subiri wafike 18 wote wamelingana uone nani anajua mpira.

Wabelgiji walilishtukia hilo, wakaunda timu za taifa za vijana kwa ajili ya waliochelewa kukua tu, ili wasipotee. Modrić naye, yule kiungo wa Croatia, klabu ya Hajduk Split walimkataa, kadogo, kembamba, akaenda zake Dinamo Zagreb na 2018 akabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia.

Siku ya mechi usimwangalie akiwa na mpira, mwangalie sekunde moja kabla haujamfika. Anageuza shingo kuona nani yuko nyuma? Anapokea akiwa kakaa upande au kaupa uwanja mgongo? Mdogo anayejua hayo anakuwa kashaachia pasi wakati jitu ndo linafika. Kama akademi haimpi hata dakika 20 kwa mechi muongee na mwalimu kwa heshima, ikishindikana tafuta timu nyingine, benchi halijawahi kumfundisha mtu kupiga chenga.

*Kocha mambo vipi, mimi mwalimu wa michezo shule ya msingi huku Kahama. Madogo 30, mipira miwili, UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, inakuja. Nianze na pumzi au mpira?*

Poa sana ticha. Mipira miwili kwa watoto 30 ni msala, ila raundi za uwanja futa kabisa, dogo anayezunguka uwanja mara kumi anajifunza kuzunguka uwanja. Chora viwanja viwili vidogo, tano kwa tano, hao 20 wanacheza, 10 waliobaki wape mbio za kupokezana vijiti, kuruka, kugeuka ghafla, kila dakika sita wabadilishane. Pumzi wataipata humohumo na kila mtu kaugusa mpira, siyo ile kumi na moja kwa kumi na moja ambayo winga anashinda anachuma majani. Butua butua piga marufuku mazoezini, kipa aanze chini. Utafungwa mabao ya kizembe mwanzoni na mwalimu mkuu atanuna, vumilia. Na kama kuna hela ya mpira wa tatu nunua saizi namba 4, hiyo namba 5 ni ya vijana wakubwa na watu wazima. Ya matambara na kamba wafunge wenyewe, wanajua kuliko sisi.

*Binti yangu miaka 14, shuleni mita 100 hakuna wa kumgusa, lakini mpira ukimfika unamruka mita tatu. Kuna mpira hapo kweli? – Mama Tanga*

Upo mama, tena wa kutosha. Wanaosema ufundi ndo kila kitu na mbio zitakuja baadaye nao wanapotosha, kasi ya namna hiyo huwezi kuipandikiza mtu akiwa na 20. Wasichana wengi wanamaliza ile kasi ya kurefuka mapema kuliko wavulana, kwa hiyo hizo mbio zake inawezekana kabisa anabaki nazo. Shida ni kwamba makocha wanamrushia mipira mirefu akimbize, anafunga, kila mtu anafurahi, na mguu unabaki mbao. Omba mazoezini achezeshwe kiungo, katikati ya msongamano ambako mbio hazimsaidii, mechi abaki mbele kama kawaida. Nyumbani ukuta, dakika 15 kila jioni, anapiga anatuliza kwa mguu mmoja anapiga kwa mwingine, na aanze na kushoto akiwa hajachoka. Majirani wakilalamika kelele wapoze na mandazi.