Sola ya megawati 100, lakini dizeli bado inachomwa: kwa nini?

Swali: Umeme wote wa nchi yetu unatoka kwenye jenereta za dizeli na mafuta mazito, na mafuta hayo huja kwa meli. Mahitaji yakifika kileleni ni megawati 100. Tukifunga sola ya megawati 100, kwa nini wahandisi wanasema bado tutachoma karibu robo tatu ya mafuta yale yale? Na ikiwa ni kweli, kazi ianzie wapi ili tutegemee nishati ya kwetu wenyewe?

Jibu: Wahandisi wenu wamesema kweli, tena wamekadiria kwa upole. Megawati inaeleza mtambo unaweza kutoa nguvu kiasi gani kwa wakati mmoja. Mafuta hayachomwi kwa megawati, yanachomwa kwa saa. Kwa hiyo kwenye kazi hii yote hesabuni lita. Kila mradi mtakaoletewa, ulizeni unaondoa lita ngapi kwa mwaka, na unaziondoa saa zipi.

Tuanze na mfano wenu. Kilele kikiwa megawati 100, tuchukulie wastani wa mwaka mzima ni 65. Zidisha kwa saa 8,760, unapata takriban gigawati-saa 570, yaani uniti milioni 570. Injini kubwa ya dizeli iliyotunzwa vizuri hutoa karibu uniti 4 za umeme kwa lita moja, yaani mnachoma lita milioni 142 hivi kwa mwaka. Sola isiyogeuka kufuata jua, mahali penye jua zuri, hutoa kwa mwaka kama asilimia 18 ya kile ambacho ingetoa kama jua lingewaka kwa nguvu zote usiku na mchana. Megawati 100 zitawapa gigawati-saa 158, ambazo ni asilimia 28 ya mahitaji. Mtaokoa lita milioni 39 na kubaki na milioni 103. Hapo tumechukulia kwamba hakuna uniti hata moja ya sola inayopotea, na hilo halitokei.

Linalotokea mchana ni hili. Tuseme saa sita mahitaji ni megawati 70 na paneli zina uwezo wa kutoa 80. Hamwezi kuzima injini zote, kwa sababu wingu moja likipita juu ya shamba la paneli linaweza kukata zaidi ya nusu ya umeme wake ndani ya dakika moja au mbili, na injini iliyozimwa haiwahi kuingia kazini kwa kasi hiyo. Basi opereta anaacha injini mbili za megawati 15 zikizunguka, tayari kushika mzigo. Injini hizo hazishuki vizuri chini ya asilimia 30 hadi 40 ya uwezo wake. Tukichukua 40, kila moja inatoa megawati 6, mbili zinatoa 12, na nafasi inayobaki kwa sola ni 58. Megawati 22 za jua zinatupwa wakati huo huo mnaendelea kuchoma mafuta. Zaidi ya hapo, injini yenye mzigo mdogo hutumia mafuta mengi kwa kila uniti kuliko inapobeba mzigo wake wa kawaida.

Msijaribu kuzishusha chini ya kiwango cha mtengenezaji ili kuipa sola nafasi. Injini inayokaa muda mrefu na mzigo mwepesi haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye vali na kwenye turbo, kuta za silinda zinalainika kama kioo hadi zinashindwa kushika oili, na oili inaanza kutoka na moshi. Mafuta mazito yana adha kubwa kuliko dizeli. Faida ya sola mtaitoa tena kwenye vipuri.

Kwa sababu hiyo betri ya kwanza kununua siyo ile ya kuhifadhi jua la mchana kwa ajili ya usiku, ingawa hiyo ndiyo kila mtu huifikiria. Ya kwanza ni betri ya kuchukua nafasi ya injini zile mbili: yenye nguvu kubwa na muda mfupi. Megawati 30 kwa nusu saa, yaani megawati-saa 15, zinatosha kushika mzigo wakati injini iliyolala inawashwa na kupanda. Betri hujibu kwa chini ya sekunde moja. Injini zile zikizimwa mchana, nafasi ya sola inapanda kutoka 58 hadi 70 bila kuongeza paneli hata moja. Katika hatua zote, hapa ndipo kila megawati-saa ya betri inaondoa lita nyingi zaidi.

Lakini kuna sharti, na limeangusha miradi mingi. Jenereta inayozunguka haitoi umeme tu. Uzito wa chuma chake ndio unaoshikilia frikwensi ya gridi (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde) pale hezi 50 (au 60 kwa nchi zinazotumia hiyo), na mahali nyaya zinapogusana inasukuma mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida, hivyo relei (vifaa vya ulinzi) zinaona hitilafu na kukata laini. Sola huingia kwenye gridi kupitia inveta, vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa gridi, na nyingi ni za kufuata gridi: zinasikiliza frikwensi iliyopo na kuiiga. Ukizima jenereta ya mwisho, hakuna cha kuiga, zote zinazima. Kwa hiyo andikeni kwenye zabuni kwamba inveta za betri ziwe za kuunda gridi, zenye uwezo wa kuweka frikwensi na volteji zenyewe na kuwasha gridi iliyo giza kabisa. Hata hizo hutoa mkondo wa hitilafu mdogo, mara nyingi kama 1.2 ya mkondo wake wa kawaida, na relei zilizopangwa enzi za dizeli hazitauona. Kuna njia mbili: kupanga upya ulinzi wa laini zote, au kuichukua jenereta ya zamani, kuitenganisha na injini yake na kuiacha izunguke kama mota isiyobeba mzigo. Kwa nchi yenye jenereta nzee zilizopo tayari, ya pili ndiyo ninayoipendelea zaidi. Haichomi mafuta, inakula umeme kidogo tu, na inarudisha uzito na mkondo ambao relei zinauhitaji.

Mipangilio ya ndani ya mitambo nayo isomwe mstari kwa mstari kabla ya kuwashwa. Tarehe 28 Septemba 2016 jimbo zima la South Australia lilibaki gizani. Dhoruba iliangusha minara ya laini kuu, volteji ikayumba mara kadhaa kwa muda mfupi, na mitambo kadhaa ya upepo ilikuwa na mpangilio wa kujizima baada ya idadi fulani ya miyumbo. Waendeshaji wa gridi hawakuujua mpangilio huo. Mitambo ilipunguza umeme kwa pamoja, laini ya kutoka jimbo jirani ikazidiwa, kila kitu kikaanguka. Kasoro ile ilirekebishwa kwa kubadilisha mipangilio. Ujerumani nayo ililazimika kubadilisha mipangilio ya inveta nyingi za paa zilizokuwa zimepangwa kujizima zote kwa mpigo frikwensi ikifika hezi 50.2.

Baada ya mchana kutulia, ndipo jioni. Kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku mahitaji yako kileleni na jua halipo. Tuseme mnataka betri itoe megawati 30 kwa saa hizo nne, megawati-saa 120. Msinunue 120. Sehemu ya kama asilimia 10 hubaki bila kutumika ili seli zisiumie, na baada ya miaka kumi uwezo utakuwa umepungua, tuchukulie kwa asilimia 20. Ili mwaka wa kumi bado mpate 120, zinahitajika karibu 167 siku ya kwanza, au mkataba unaomlazimisha muuzaji kuongeza seli njiani. Kuijaza kila siku kunahitaji megawati-saa 140 hivi, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea ukiingia na kutoka. Kisiwa cha Kauai huko Hawaii kilifuata njia hii mapema: mwaka 2017 kiliwasha kituo cha paneli za megawati 13 chenye betri ya megawati-saa 52, kazi yake ikiwa kupeleka jua la mchana kwenye kilele cha jioni.

Kabla ya kulipia betri ya jioni, punguzeni jioni yenyewe. Hita za maji za jua juu ya paa, taa za LED barabarani, pampu za maji za mji kupangiwa saa za mchana: kila megawati moja inayotoka kwenye kilele cha saa hizo nne inaondoa betri ya megawati-saa 5 na zaidi kwa hesabu ile ile. Kazi hii haipigwi picha na viongozi, na ndiyo sababu huachwa. Isiachwe.

Sola na betri pekee zitawafikisha mbali, lakini siku za mawingu mfululizo zitawarudisha kwenye dizeli. Hapo inategemea nchi imejaliwa nini. Upepo una thamani ya pekee kwa sababu huvuma usiku pia, lakini pimeni angalau mwaka mzima, kwenye mlingoti unaokaribia urefu wa mtambo wenyewe. Nguvu iliyomo kwenye upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi (kasi mara kasi mara kasi): upepo wa mita 7 kwa sekunde una nguvu karibu asilimia 60 zaidi ya ule wa mita 6. Atakayekadiria kwa jicho, au kwa kipimo cha uwanja wa ndege kilicho mita 10 juu ya ardhi, atakosea sana. Laini ya kufika huko ijengwe kwanza au sambamba. Mkoa wa Gansu, China, ulifunga mitambo mingi kuliko laini zilizokuwepo, na mwaka 2015 zaidi ya theluthi ya umeme wake wa upepo ilitupwa.

Penye milima na maji, bwawa la juu na la chini hufanya kazi ya betri ya siku nyingi: umeme ukizidi maji hupandishwa kwa pampu, ukipungua huachwa yashuke kwenye turbini. El Hierro, kisiwa cha Hispania, kiliunganisha mitambo mitano ya upepo ya jumla ya megawati 11.5 na mabwawa mawili mwaka 2014. Mwaka 2018 zaidi ya nusu ya umeme wake ilitokana na mfumo huo, na mwaka 2019 kiliendeshwa siku 24 mfululizo bila dizeli. Bado hakijazima dizeli moja kwa moja, na hiyo ndiyo picha halisi: asilimia za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Jotoardhi, kama ipo, hutoa umeme usiku na mchana, lakini visima hufika kina cha kilomita 2 hadi 3, vingine hutoka vikavu, na tangu utafiti hadi umeme hupita miaka mingi. Uchunguzi wake uanze sasa ili matunda yaje wakati injini za leo zinazeeka. Penye viwanda vya sukari, tani moja ya miwa huacha karibu kilo 300 za makapi mabichi. Boila ya mgandamizo mkubwa huyageuza kuwa umeme wa ziada wa uniti kama 100, tena kwa turbini inayozunguka, yenye uzito ule ambao gridi inaulilia.

Sasa yale mafuta yasiyohusu umeme. Duniani, zaidi ya nusu ya mafuta huishia kwenye usafiri. Uruguay iliondoa karibu mafuta yote kwenye umeme wake ndani ya takriban miaka kumi, kwa upepo, maji na mabaki ya misitu, na bado inaagiza mafuta kwa ajili ya magari. Hapa mpangilio ni muhimu. Gari la umeme linakula kama uniti 18 kwa kilomita 100, na ukiongeza upotevu wa kuchaji na wa laini ni 21. Kwenye gridi ya dizeli hizo ni lita 5 na kidogo. Umelitoa tangi kwenye gari ukalipeleka kituoni. Kwa gridi yenu, magari ya umeme yaanze na yale yanayoweza kuchaji mchana, kama mabasi ya shule na magari ya ofisi, mita ikiwa na bei nafuu saa za jua. Yakichaji saa moja jioni yatapandisha kilele na kuwasha injini nyingine.

Mafuta ya mimea yana nafasi, ila msiegemee zao moja. Brazili ilianza mpango wake wa ethanoli (spiriti ya miwa ya kuendeshea magari) mwaka 1975, na katikati ya miaka ya 1980 magari mapya mengi yalikuwa ya ethanoli tupu. Bei ya sukari ilipopanda, miwa ikaenda kwenye sukari, na mwaka 1989 wenye magari wakakosa cha kutia. Imani ilirudi magari ya kuchanganya, yanayokubali petroli au ethanoli kwa kiwango chochote, yalipoanza kuuzwa mwaka 2003.

Jambo moja lishughulikiwe hata kabla ya zabuni ya paneli: fungueni mikataba ya vituo vya dizeli vya watu binafsi. Mingi ina kifungu cha kulipa kiwango cha chini cha umeme, mmeutumia au hamkuutumia. Sola ikiingia juu ya kifungu hicho, lita zitapungua lakini malipo yatabaki palepale, na mwananchi ataambiwa sola ni ghali. Orodhesheni kila kituo, tarehe mkataba unapoisha, na megawati-saa mnazolazimika kulipia. Kisha jadilianeni ili malipo yawe ya utayari wa mtambo badala ya umeme uliozalishwa, na pangeni kila awamu ya sola iwake mwezi ambao mkataba mmojawapo unaisha. Mkataba usihuishwe hata kwa mwaka mmoja kabla ya mtu kukaa na jedwali hilo na kuonyesha ni lita ngapi unazizuia zisiondoke.