Kikaratasi cha Mkojo na Habari za Damu

SWALI: Mimi ni muuza chumvi hapa Katwe, wilayani Kasese. Sokoni amekuja mtu anayeuza maji ya chupa yenye magadi, akidai kwamba nyama na kahawa zimejaza asidi katika damu zetu. Alinipa kikaratasi nikakichovya kwenye mkojo wangu, kikawa cha manjano. Baada ya siku nne za kunywa maji yake, kingine kikawa cha kijani kinachoelekea buluu. Je, damu yangu haijasafishika? Mama yangu, ambaye ana presha, naye anataka kuyanywa.

JIBU: Ndugu msomaji, kikaratasi kilisema kweli, ila kilisema habari za mkojo, wala hakikuulizwa lolote kuhusu damu.

Uasidi hupimwa kwa pH, kipimo alichokibuni mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909. 7 ni katikati, na kadiri namba inavyopungua ndivyo asidi inavyozidi. Damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45, ilhali mkojo wake waweza kuwa popote kati ya 4.5 na 8, kwa sababu figo humwaga humo asidi, au alkali (kinyume cha asidi, kama magadi), iliyozidi ili damu ibaki palepale. Usiudharau ufinyu wa nafasi hiyo: pH ya damu ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1 tu, asidi huwa imekwisha kuongezeka maradufu.

Magadi uliyoyanywa yalikutana kwanza na asidi kali ya tumbo, yakatoa gesi (bila shaka ulicheua sana), na alkali iliyozidi mwilini ikatolewa na figo. Rangi uliyoiona, basi, ni ya kitu ulichokilipia kikitupwa nje.

Figo hufanya kazi hiyo kwa saa nyingi, hata siku kadhaa. Mapafu huchukua dakika chache. Ukipandisha gunia la chumvi kutoka ziwani, misuli huzalisha kaboni dioksaidi kwa wingi, nayo ikiyeyuka katika damu hugeuka asidi. Ubongo huihisi mara moja na kukuhemesha mpaka hewa hiyo itoke. Wakati huohuo bikaboneti, alkali iliyomo damuni, huwa imekwisha kuidaka asidi nyingine kabla haijaleta madhara. Nyama na kahawa haziwezi kuushinda mpango huo kwa mtu mzima wa afya.

Kinachoweza kuushinda ni ugonjwa: kisukari kilichokosa insulini, figo zilizoshindwa kazi, kuhara kukali kunakopoteza bikaboneti, na malaria kali, hasa kwa watoto. Mtoto mwenye homa akianza kuvuta pumzi nzito za haraka, huenda mapafu yake yanajaribu kuitoa asidi hiyo. Apelekwe hospitali saa ileile, bila kusubiri kikaratasi wala chupa ya mtu.

Ama mama yako, asiyanywe kabisa maji hayo. Magadi yana sodiamu, madini yaleyale yaliyomo katika chumvi unayouza, ambayo nina hakika daktari wake amekwisha kumwambia aipunguze.