Toa eafoni sikioni kabla hujakaa kwenye mizani

Mkuu, usinunue. Umesema umepata ukarani wa mizani ya korosho msimu huu huko Tandahimba, ikifika saa nane mchana kichwa kinachoka, na kuna mtu anakuuzia "sauti za alfa", mivumo ya kusikiliza kwa eafoni inayodaiwa kuamsha wimbi la ubongo liitwalo alfa na kuongeza umakini. Umeuliza uchukue kifurushi kipi, eafoni gani zinafaa, na kama mwanao wa darasa la saba naye anaweza kuzitumia. Niliuziwa kitu hichohicho, hapahapa Mtwara, kwa kazi hiyohiyo.

Kazi unaijua. Mpimaji anataja jina na kilo, wewe macho yako daftarini. Kifurushi cha kwanza nilitoa 15,000. Muuzaji akaniambia nikiwa kazini nivae sikio la kushoto tu, la kulia nisikilizie watu. Siku ya tatu mpimaji akataja "arobaini na saba", nikaandika 49. Mkulima akagutuka, tukarekebisha, yakaisha.

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kuitoa ile eafoni, nikaona dawa haijakolea. Nikamrudia yule bwana, akaniuzia kifurushi cha pili kwa 30,000 na kuniambia niongeze sauti. Kesho yake nikaandika magunia manne ya mama mmoja wa Nanguruwe kwenye mstari wa jirani yake. Hakuna aliyeona mpaka malipo yalipotoka, na jirani alikuwa ameshanunua bati. Nikalipa mimi. Fedha ya korosho za shamba langu ikaishia humo, na yule mama akaniita mtu wa kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, mbele ya foleni nzima. Sikuiba hata kilo moja, lakini ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nasikiliza mvumo?

Mpwa wangu anayesoma udaktari alipokuja likizo ndiye aliyenifumbua macho. Hilo wimbi la alfa, la mapigo kama 8 hadi 13 kwa sekunde, alilieleza Mjerumani Hans Berger mwaka 1929, baada ya kuanza kupima umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924. Na aliliona wapi? Mtu akifumba macho, linakua. Akiyafumbua na kuangalia kitu, linanywea. Yule muuzaji ameweka picha ya Berger kwenye tangazo lake, halafu anauza alfa kwa watu wanaoshinda wamekodoa macho daftarini! Bora angeuza mito ya kulalia.

Alfa yenyewe si adui. Ubongo unaitumia kunyamazisha upande usiohitajika. Ukisubiri kusikia jambo, alfa hupanda kisogoni, kwenye eneo la kuonea, ili macho yasiingilie. Ukiweka akili kwenye vitu vilivyo kulia kwako, hushuka kwenye ubongo wa kushoto na kupanda kwenye ule wa kulia. Yaani ubongo una mlinzi wake wa mlangoni, anayefungua huku na kufunga kule kulingana na kazi uliyoshika. Wewe unataka kumpa amri kwa sauti ya dukani.

Sikio nalo lina mwendo wake. Maneno hutoka kama silabi 4 hadi 8 kwa sekunde, na ubongo wa msikilizaji huyafuata kwa wimbi la polepole la kiwango hichohicho, linaloitwa theta. Sasa hesabu "a-ro-ba-i-ni-na-sa-ba". Silabi nane. Sita za mwanzo ni zilezile za "arobaini na tisa", tofauti yote iko mwishoni, na mpimaji mwenye haraka anaimaliza kwa sekunde moja na kitu. Macho yako yakiwa bado yanatafuta jina la mkulima kwenye mistari, na sikio moja lina mvumo, hiyo "saba" utaidaka na nini?

Na hapa ndipo hasira yangu haiishi. Ujanja wa sauti hizo ni kwamba sikio moja linapewa, tuseme, mtetemo wa 200 kwa sekunde na la pili 210, halafu ubongo wenyewe unaisikia ile tofauti ya 10 kama mdundo. Kama mawimbi ya ubongo yanaufuata mdundo huo, tafiti zinapingana. Lakini kwa sikio moja hakuna tofauti ya kusikia! Ni mvumo mtupu, kama jokofu bovu. Mtu aliyeniambia nivae sikio moja ama hakujua anachouza, ama alijua na akachukua fedha yangu hivyohivyo. Tena masikio mawili ndiyo yanayomsaidia mtu kuichambua sauti moja katikati ya kelele, na kelele za ghala msimu wa mnada unazijua. Aliniuzia mvumo na kunipunguzia sikio.

Kwa hiyo masikio yote mawili wazi, muda wote namba zinapotajwa kwa sauti. Ukichoka saa nane, omba dakika kumi, nenda ukanywe maji kivulini, foleni itakusubiri. Namba ikitajwa, acha kuandika, inua uso, itamke kwa sauti, mpimaji akubali, ndipo uiandike. Watakuona mzito. Waache wakuone mzito.

Yule mama wa Nanguruwe bado analeta korosho kwetu. Gunia lake likiwa juu ya mizani analishika kwa mkono, halishushwi mpaka anisikie nikirudia kilo zake.